Kupita si kupima: tulivyolipima daraja la mita 12 huku Lindi

#1 FundiLevo

Wakuu, habari za masika.

Juzi nilikuwa Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, nasubiri gari. Kwenye banda la chai kuna dereva wa tipa anawasimulia wenzake habari za daraja moja la ndani huko, lililokuwa na kibao cha tani 10. "Nimelipita na tani ishirini na tano mara nne, halijasema kitu. Hao wa vibao wanaogopa vivuli vyao." Banda zima likacheka. Sikutia neno, konda alikuwa ananiita. Lakini lile daraja nalijua. Nimelala chini yake siku tatu na popo wake.

Basi nimeona nilete uzi, maana naona wengi tunadhani kupima daraja ni kupitisha gari zito halafu kutazama kama litaanguka. Jina la daraja silitaji, mto wala ofisi iliyotuita pia, kwa sababu ripoti si mali yangu. Jueni tu liko mkoa wa Lindi, barabara ya kifusi inayotoa korosho na ufuta. Lina urefu wa mita 12 kutoka ukuta hadi ukuta, boriti nne za chuma, juu yake slabu ya zege. Michoro haipo. Wazee wa pale kila mmoja ana mjenzi wake: huyu anasema Mwingereza wa karanga, huyu anasema serikali ya baada ya uhuru.

Bila michoro, mhandisi anapima unene wa boriti kwa kalipa, anakisia ubora wa chuma kwa kukisia vibaya (kwa makusudi, ili asijidanganye), anapiga hesabu. Hesabu ya mezani ilisema tipa ya tani 24 ikisimama katikati, boriti iliyoelemewa zaidi itanepa milimita 15. Tukaenda kuiuliza boriti yenyewe.

Kazi ya kwanza ni kulijua gari. Tulikodi tipa ya ekseli tatu, tukajaza kokoto. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba ni tani 15. Tulikuwa na mizani ya kubebeka, zile sahani unazoziweka chini ya tairi, tukapima gurudumu baada ya gurudumu: kokoto zilikuwa 13 na nusu. Gari zima tani 24, mbele 6.4, ekseli mbili za nyuma 17.6, na upande wa kulia ulikuwa mzito kuliko wa kushoto kwa sababu kokoto ziliegemea huko. Msicheke. Kama hujui uzito uliouweka juu, namba yoyote utakayoipata chini haina maana. Hapo ndipo rafiki yangu wa banda la chai anapoanguka: "tani ishirini na tano" yake aliipima kwa macho.

Kazi ya pili ni vihisi. Hivi ni vipande vidogo kuliko ukucha, unavigandisha kwenye chuma, vinapima chuma kimerefuka kiasi gani. Kabla ya kugandisha unasugua kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae kama sufuria ya bi harusi, unafuta kwa asetoni, unaweka gundi, unabonyeza kwa kidole gumba bila kutikisika. Kidole changu cha kushoto hakina alama za kutosha mpaka leo. Kipimo chake ni maikrostreini: mita moja ya chuma ikirefuka kwa sehemu moja ya elfu ya milimita, hiyo ni moja. Kwa chuma cha kawaida, maikrostreini 100 ni sawa na mkazo wa nyutoni 20 kwa milimita ya mraba. Tuliweka vihisi katikati ya kila boriti, na viwili karibu na mwisho wa boriti; kwa nini mwisho, nitasema baadaye. Mto ulikuwa mkavu (ilikuwa Oktoba), kwa hiyo tukasimamisha nguzo za mbao mchangani na kuweka diali geji ya kusoma kunepa.

Tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Si kwa uchapakazi. Chuma kikipata joto nyuzi 10 zaidi, kinarefuka maikrostreini 120 hivi bila gari lolote kupita. Kufika saa nne jua la Lindi limeshakuharibia hesabu.

Gari lilipita taratibu kwa mwendo wa mtu anayetembea, tingo anatangulia akifuata mistari ya chaki tuliyochora: mstari wa kushoto, wa kati, wa kulia, kila mmoja mara mbili. Kwanza tupu. Kisha nusu mzigo. Kisha mzigo wote. Kila hatua tunasubiri namba, tunatazama nyufa ambazo tumeziwekea alama ya penseli mwishoni mwake, ndipo tunaruhusu hatua inayofuata. Chini ya daraja hakuna mtu gari likiwa juu.

Mzigo wote, mstari wa kulia: maikrostreini 210, kunepa milimita 6. Gari likaondoka, kihisi kikarudi 3, karibu na sifuri.

Hesabu ilisema 360 na milimita 15. Daraja lilikuwa gumu kuliko tulivyolidhania. Nani anajua kwa nini?

#2 Korosho_Ghafi

Nimevuta mkeka. Uzi mrefu kama kona za kupanda Newala ila nimemaliza. Jibu langu: wa zamani walijenga kwa imani.

#3 Semi_la_Kusini

Njomba, salaam kutoka Mtwara. Mimi nashusha makaa ya mawe bandarini, natoka nayo Ruvuma. Sheria ya Afrika Mashariki inaniruhusu tani 56 kwa gari la ekseli saba, na mizani nazipita zote na karatasi yangu safi. Sasa daraja lenu mlilipima kwa tipa ya tani 24. Nikija na semi langu mtaniambia nirudi? Na kama tani 56 ni halali barabarani, kibao cha tani 10 ni cha nini?

#4 FundiLevo

@Semi_la_Kusini njomba, swali zuri kuliko uzi wenyewe.

Daraja halijui jumla ya gari lako. Linajua kilichoko juu yake wakati huo. Semi lako lote halienei kwa pamoja juu ya daraja la mita 12. Mkia ukiingia, kichwa kimeshatoka. Kinacholiumiza ni kundi la ekseli lililosimama katikati. Sheria hiyohiyo inayokupa 56 inakubana kwa makundi: usukani tani 8, ekseli moja ya tairi nne tani 10, mbili zilizofuatana 18, tatu 24. Ndiyo maana tipa fupi ya ekseli tatu iliyozidishiwa mzigo inaweza kuliumiza daraja fupi kuliko semi refu halali. Uzito wake wote umekaa mahali pamoja kama mtu aliyesimama kwa kisigino. Kwenye daraja refu mambo yanageuka, pale semi lako linaingia lote na jingine nyuma yake.

Na hili la "nimepita mara nne": kuna daraja Marekani juu ya mto Ohio, wakiliita Silver Bridge. Lilifunguliwa 1928. Magari yalipita miaka 39. Jioni ya tarehe 15 Desemba 1967 foleni ikiwa juu likashuka lote, watu 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi kwenye kiungo kimoja cha minyororo yake. Kila aliyepita asubuhi ile angeweza kusema halijasema kitu.

Kibao cha tani 10 nacho kiliwekwa na mtu asiyekuwa na namba, akachagua ndogo ili alale usingizi. Ndiyo tabu yetu: kibao kinachozidisha woga, madereva wanakidharau, halafu kikija cha kweli nacho kinadharauliwa.

#5 DadaZege

Habari kaka. Mimi ni mhandisi wa miundo, nilizaliwa Ndanda ila kazi iko mbali. Nina maswali mawili kabla hujawapa watu furaha.

Tofauti ya kunepa (6 kwa 15) ni kubwa kuliko tofauti ya kurefuka (210 kwa 360). Hiyo inanionyesha slabu na boriti vimeshikana, vinafanya kazi kama kitu kimoja, jambo ambalo hesabu yenu haikulihesabu. Sawa, hilo ni la kawaida. Jimbo la Ontario kule Kanada walipima madaraja zaidi ya 200 na mengi yakawa na nguvu kuliko karatasi ilivyosema. Lakini je, mmeona misumari ya kuunganishia kati ya zege na chuma, au ni gundi ya kutu na msuguano tu?

La pili: hivyo vihisi vya mwisho wa boriti vilisoma nini?

#6 FundiLevo

@DadaZege dada, umenikamata palepale nilipokuwa nimeficha utamu.

Boriti iliyokalia beringi nzima (kile kikalio cha ncha ya boriti juu ya ukuta), mwisho wake uko huru kuzunguka kidogo, kwa hiyo pembe ya chini karibu na ukuta hairefuki wala haifupiki kwa kiasi cha kukuhangaisha. Yetu ilisoma hasi 40. Ilikuwa inabanwa! Tukaenda na tochi. Beringi zake ni bamba mbili za chuma zilizotakiwa kuteleza moja juu ya nyingine. Kutu imezigandisha zikawa kitu kimoja. Nilijaribu kupitisha wembe katikati, haukupita.

Kwa wasio wa fani: daraja lilikuwa linasaidiwa na ugonjwa wake. Ncha zikishikwa na kutu, katikati panapumua. Ila msaada huo hauna mkataba. Siku gari zito zaidi likipita, au joto likivuta zaidi, kutu inaachia kwa mshindo mmoja, na mzigo wote unarudi katikati. Kwa hiyo mhandisi wetu aliutoa kwenye hesabu. Misumari hatukuiona, hatukuvunja zege. Mshikamano nao akaukubali nusu nusu, kwa sababu hakuna wa kumhakikishia kwamba utabaki mzigo ukizidi ule tuliouweka.

Kingine. Tulipitisha gari lilelile kwa kilomita 40 kwa saa. Namba ikaruka kutoka 210 hadi 265. Dereva akashuka akatuonyesha shimo la mlangoni mwa daraja, pale kifusi kinapokutana na zege: gari linadumbukia, linaruka, linatua kwenye boriti. Tukalijaza shimo kwa kokoto na koleo mbili, tukarudia. 235. Mwongozo wa AASHTO, chama cha maofisa wa barabara wa majimbo ya Marekani, unaongeza asilimia 33 kwa ajili ya mtikisiko wa gari, na nimeona watu wanalalamika kwamba ni nyingi. Walale pale mlangoni siku moja.

#7 Mzee_wa_Posho

Siku tatu, mizani, vihisi, asetoni, wahandisi... posho ngapi hapo? Sisi Nachingwea tungechukua lori la mbao, tukajaza mpaka juu, tukapitisha. Likipita, pita. Likianguka, mmejua. Kazi ya saa moja.

#8 FundiLevo

Mzee, shikamoo. Posho ilikuwa ndogo kuliko unavyodhani na nusu yake ililiwa na popo, maana nilitupa shati.

Unachosema kipo kweli na kina heshima yake. Kinaitwa jaribio la uthibitisho: unaongeza mzigo mpaka ufike kiwango ulichokusudia, na daraja likivumilia umethibitisha. Lakini kiwango hicho hakiwi uzito wa gari unalotaka kuruhusu. Mwongozo huohuo wa AASHTO unaanzia mara 1.4 ya mzigo huo, na mtikisiko ukiwa umeshajumlishwa. Piga: 24 mara 1.33 mara 1.4, unakaribia tani 45. Yaani kuruhusu tipa ya 24 ulitakiwa uweke karibu 45 palepale zilipokaa 24, tena kwa hatua, ukisoma kila hatua, na ukiona kihisi kimeacha kwenda sawasawa na mzigo unasimama. Lori lako la mbao lingepita na kukuambia jambo moja tu: lilipita. Hujui kama limebakiza sana au limebakiza uzi.

Na hilo la "likianguka mmejua", chuma kina adabu, kinanepa kwanza. Zege lenye nondo chache karibu na ukuta halikuagi. Linakatika kwa mshazari bila taarifa. Daraja la namna hiyo usiliongezee mzigo kwa kubahatisha, na dereva yuko ndani.

#9 Korosho_Ghafi

Sasa mkuu mbona hujasema mliandika tani ngapi? Tunakaa na roho juu.

#10 FundiLevo

Ishirini. Gari moja moja, katikati ya daraja, mwendo wa kilomita 10. Boriti zingebeba zaidi, ila chini ya slabu nondo zilikuwa zimechungulia, na gurudumu linakanyaga slabu kabla ya boriti. Kibao kilipakwa rangi, kikasimamishwa. Wiki ya sita kilikuwa kimeshauzwa chuma chakavu. Ofisi iliyotuita iliahidi kingine, nadhani bado kiko kwenye barua.

#11 Abu_Mikindani

Asalaam aleikum. Nimesoma kimyakimya. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotupiga, barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, tukakaa bila gari la Dar. Je, yale makalvati na madaraja yangepimwa hivi tungejua mapema?

#12 FundiLevo

Waaleikum salaam. Hapana, sheikh. Na nataka niseme hili polepole kwa sababu mimi ndiye niliyeleta uzi wa kusifia vihisi.

Kule Somanga haikuwa habari ya gari lililozidisha tani. Ni maji. Tulichopima sisi ni boriti na slabu, siku kavu, mto ukiwa mchanga mtupu ambao tulichomeka nguzo zetu kwa nyundo. Tipa yetu ya tani 24 haikujaribu msingi kwa namna ambayo mafuriko yanaujaribu. Maji yakija kwa kasi yanazunguka kwenye kona ya ukuta, yanachimba mchanga chini ya msingi, na yakipungua yanarudisha mchanga laini kwenye shimo lilelile. Ukija kiangazi unaona pako sawa. Daraja linaweza kusoma 210 leo, likasoma 210 kesho, na keshokutwa ukuta umekaa hewani.

Kwa mito yetu, ya Mbwemkuru, Matandu, Lukuledi na vijito vyake vyote, ningekuwa na pesa ya kipimo kimoja tu, ningenunua fimbo ndefu na mtu wa kuichomeka baada ya kila mvua kubwa. Kwenye ripoti tuliandika aya nzima ya hilo. Aya ya mwisho, ambayo hakuna anayefika.

#13 DadaZege

Naunga mkono. Ongeza kazi ya mtu huyo: aandike kina na tarehe, mahali palepale kila mara. Namba moja haisaidii, zinasaidia mbili.

#14 Mama_Vitumbua

Habari zenu wanangu. Anayeandika ni binti yangu, mimi namsemesha. Nina banda la chai karibu na daraja fulani, nadhani ndilo hilo, maana mliniachia kokoto na kijana mmoja shati lilijaa mavi ya popo. Tulidhani ni watu wa kupima viwanja, tukaficha mipaka.

Kibao hakipo ni kweli. Tipa zinapita usiku, siku hizi za kifusi cha barabara ya juu. Lile shimo la mlangoni limerudi, zikipita vikombe vyangu vinagonga. Nilichotaka kuuliza ni kingine. Umesema fimbo. Juzi baada ya ile mvua ya siku mbili maji yalipungua, wajukuu walishuka kuchota mchanga upande wa ukuta wa kushoto ukitokea sokoni. Wamekuta uwazi chini ya ukuta. Huyu mkubwa amechomeka mpini wa jembe umeingia wote.

#15 FundiLevo

Mama, shikamoo. Ndilo hilo, na shati lilikuwa langu.

Mpini uliingia kwenda chini au kwenda ndani, kama unaelekea barabarani?

#16 Mama_Vitumbua

Marahaba. Ndani. Ameingiza na mkono mpaka kwapani, anasema huko ndani kuna baridi na hakugusa kitu.

#17 FundiLevo

Watoto wasishuke tena pale, mama, hata kuchota mchanga. Mwambie mwenyekiti wa kijiji aweke magogo pande zote mbili usiku huu huu, pikipiki na baiskeli zikae upande wa kulia, gari lolote lirudi, hata tupu. Nampigia mhandisi sasa hivi. @Semi_la_Kusini, njomba, unawajua madereva wa tipa wa njia hiyo, tafadhali wapigie.

#18 Semi_la_Kusini

Nimewapigia wawili. Mmoja ndiye yule wako wa banda la chai, ameshapakia. Nimemwambia ageuzie. Ameuliza kwani nani kasema.

#19 Mama_Vitumbua

Magogo yamewekwa. Mwenyekiti mwenyewe amekaa juu ya moja, anakunywa chai ya bure.